Mkanda wa roboti unaruka, unatoka au unalika: tafuta kosa kabla ya kuagiza mwingine

Roboti za magurudumu zinazoundwa majumbani na mashuleni hapa Tanga huugua maradhi yaleyale. Mkanda unaruka meno. Mkanda unatoka kwenye puli, yaani kigurudumu chenye meno kinachouzungusha. Mota inazunguka, gurudumu limesimama. Na dawa ya kwanza ya kila mtu ni moja: anaagiza mkanda mwingine, anausubiri ufike kutoka Dar au mbali zaidi, anaufunga, na roboti inarudia palepale.

Mkanda ndio unaopiga kelele, kwa hiyo ndio unaobebeshwa lawama. Lakini mkanda wa meno wenye nyuzi za kioo ndani yake haurefuki kiasi cha kuonekana kwa macho. Ukiukuta umelegea leo na juzi ulikuwa umekaza, basi kuna kitu kingine kilichosogea: fremu, shafti au skrubu. Hicho ndicho cha kusaka.

Maelezo haya ni ya roboti yenye kilo 3 hadi 15, magurudumu mawili au manne, mota za DC zenye gia, betri ya volti 12, na fremu ya plaiwudi, akriliki au aluminiamu. Kwa roboti nzito zaidi, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya cheni kule mwisho.

Tahadhari moja kabla hujagusa chochote: chomoa betri. Si kuzima swichi tu, chomoa. Mota ndogo ya gia haionekani ya kutisha, ila kidole kikiingia kati ya mkanda na puli hakitoki kwa kuomba. Nywele, mikono mirefu ya nguo na ncha ya mtandio vifungwe mbali.

Kwanza ujue mkanda ulio nao ni upi

Mikanda midogo miwili hufanana sana. GT2 ina milimita 2 kutoka jino hadi jino, MXL ina 2.032. Kwenye jino moja huwezi kuona tofauti, wala kalipa (kifaa cha kupimia unene) ya bei rahisi haitakusaidia. Ulaze mkanda kwenye rula uhesabu meno 50. GT2 itakupa milimita 100 kamili, MXL itakupa 101.6.

Mikanda mikubwa nayo ina mtego wake. HTD 5M na T5 zote zina milimita 5 jino hadi jino, XL ina 5.08. Hapo hesabu meno 20: 100 au 101.6. Kisha tazama umbo. Meno ya HTD ni ya mviringo, ya T5 na XL yana mabega ya mshazari na kichwa bapa. HTD 5M juu ya puli ya T5 inaweza kuonekana imekaa ukiizungusha kwa mkono, halafu hupanda juu ya meno mara tu mzigo unapoingia. Wauzaji wengi huandika "mkanda wa 5 mm" wakaishia hapo. Uliza umbo.

Steshenari za mjini hutupa printa na mashine za fotokopi mbovu, na ndani yake mna mikanda mizuri, puli, shafti zilizonyooka na hata mota. Ni chanzo kizuri kuliko wengi wanavyodhani. Ila usiitoe mikanda hiyo ukaipa jina la GT2 kwa sababu ni midogo. Toa mkanda pamoja na puli zake zote mbili, uzifunge pamoja kwa uzi, uzitumie pamoja.

Dalili: "ta-ta-ta", mkanda unaruka meno

Hili ndilo linaloletwa kwa fundi mara nyingi kuliko mengine yote, na ndilo lenye sababu nyingi. Usifungue kitu kwanza. Jiulize linatokea lini.

*Hata roboti ikiwa imeinuliwa, magurudumu hewani.* Mkanda na puli si wa ukoo mmoja. Rudi kwenye rula hapo juu. Ukishathibitisha, hakuna cha kurekebisha, badilisha puli au badilisha mkanda.

*Wakati wa kuondoka au kupanda mwinamo.* Anza na mkazo. Bonyeza mkanda katikati ya upande mmoja kwa kidole bila kutumia nguvu. Kwa kila sentimita 10 za mkanda ulio wazi kati ya puli mbili, ushuke takriban milimita moja na nusu hadi mbili. Ukizama nusu sentimita, umelegea. Usipoonekana kushuka kabisa, umekaza mno, na hilo lina dalili yake mbele.

Ukiukaza sawasawa halafu baada ya wiki ukalegea tena, tazama fremu. Plaiwudi isiyopakwa rangi hunywa unyevu. Masika inapoingia, kati ya Machi na Mei, ubao uliokuwa umenyooka hujikunja kidogo, matundu ya bolti hulainika, na mota husogea milimita moja kuelekea gurudumu. Milimita moja inatosha. Paka vanishi pande zote za ubao, pamoja na kingo na ndani ya matundu, kisha weka washa pana chini ya kila nati. Fremu ya akriliki haina tatizo la unyevu, bali hupasuka kwenye pembe za matundu, na ufa huo huwezi kuuona mpaka uikunje kidogo kwa mikono.

Mota ifungwe kwenye matundu marefu ya mfereji, yanayoiruhusu kusogea milimita 5 mbele na nyuma. Ndiyo njia bora ya kukazia mkanda wa roboti. Watu wengi hupenda kuweka puli ya tatu yenye springi, kama waliyoiona kwenye injini ya gari. Kwenye gari inafaa kwa sababu injini huzunguka upande mmoja tu. Roboti inakwenda mbele na inarudi nyuma, na upande uliolegea hubadilika kila inapobadilisha mwendo. Ikirudi nyuma, upande wenye springi ndio unaovutwa, springi inakubali, mkanda unapanda meno. Ukilazimika kutumia puli ya tatu, ifunge kwa bolti isisogee.

*Wakati wa kugeuka tu.* Hii ni ya roboti za magurudumu manne ambazo magurudumu ya upande mmoja yameunganishwa kwa mkanda. Roboti kama hiyo haina usukani. Hugeuka kwa kuyaburuza magurudumu kwa ubavu, na juu ya sakafu kavu ya saruji kuburuza huko kunataka nguvu nyingi kuliko kwenda moja kwa moja. Mkanda si mbovu. Fupisha umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, au tanua roboti, au weka magurudumu ya plastiki yenye uso mtelezi mbele na ya mpira nyuma ili ya mbele yateleze. Hilo la tatu ni la bei ndogo na linafanya kazi vizuri ajabu.

*Inaruka kwenye mchanga, darasani haina shida.* Hapa ndipo uchaguzi wa mkanda wenyewe unapoingia, kwa hiyo tupige hesabu.

Chukua roboti ya kilo 8, karibu uzito wote uko juu ya magurudumu mawili yenye kipenyo cha milimita 120. Kwenye gurudumu kuna puli ya GT2 ya meno 60. Mzunguko wa puli ni meno mara hatua (umbali wa jino hadi jino), yaani 60 × 2 = milimita 120; gawa kwa 3.14, kipenyo ni milimita 38, nusu yake 19. Gurudumu lenyewe lina nusu kipenyo cha 60. Kwa hiyo kila kilo moja ya nguvu inayotakiwa pale tairi linapogusa ardhi, mkanda unavutwa kwa 60 ÷ 19, zaidi kidogo ya kilo 3.

Kwenye sakafu ya saruji roboti hiyo inahitaji takriban asilimia 2 ya uzito wake ili itembee: gramu 160, gawa kwa magurudumu mawili, gramu 80. Mkanda unavutwa kwa robo kilo. Kazi nyepesi kabisa.

Ipeleke ufukweni Raskazone. Kwenye mchanga mlegevu inaweza kutaka robo ya uzito wake, yaani kilo 2, moja kwa kila gurudumu. Mkanda sasa unavutwa kwa kilo 3. Mkanda wa GT2 wenye upana wa milimita 6, ule unaouzwa kila mahali kwa ajili ya printa za 3D, umekadiriwa kufanya kazi kwa takriban kilo 2.5. Hapo hata hujafika kwenye jiwe. Gurudumu likikwama kwenye jiwe na tairi likawa halitelezi, mvuto unaweza kufika kilo 10 ikiwa mota ina ubavu huo.

Basi chagua kwa ile saa mbaya, si kwa mwendo wa kawaida. Una njia tatu. Puli kubwa zaidi kwenye gurudumu hupunguza mvuto wa mkanda papo hapo. Mkanda mpana zaidi wa GT2, wa milimita 9 au 10, huongeza uwezo kwa kadiri ya upana. Au hamia HTD: 3M (yenye hatua ya milimita 3) yenye upana wa 9 hubeba takriban kilo 10, na 5M yenye upana wa 15 hupita kilo 25. Jedwali za watengenezaji hutofautiana kidogo, ila mpangilio ni huo. Kwa maoni yangu, roboti yoyote itakayotoka nje ya nyumba ianze na HTD 3M. GT2 ya milimita 6 ibaki mezani.

*Sababu zilizobaki, za nadra zaidi.* Hesabu meno ya puli ndogo yaliyoshikwa na mkanda, yasipungue sita. Puli ya meno 20 iliyo sentimita 10 kutoka puli ya meno 60 hushika meno tisa, haina neno. Puli ya meno 12 iliyosogezwa karibu sana na puli kubwa inaweza kushindwa.

Kisha shika gurudumu, livute kuelekea mota. Shafti ikisogea, huo ndio ugonjwa. Shafti iliyoshikwa na beringi moja upande mmoja, puli ikining'inia nje, hupinda kila mzigo unapoongezeka, puli mbili zinakaribiana, mkanda unalegea kwa nusu sekunde na hiyo inatosha kuruka jino. Weka beringi pande zote mbili za puli. Beringi ya 608, ile ya viatu vya magurudumu, ina tundu la milimita 8, kipenyo cha nje 22 na unene 7. Ni rahisi kuipata na fundi seremala yeyote anaweza kukutobolea nyumba yake. Zile mota za plastiki za njano za kuanzia masomo hazikuundwa kuvutwa ubavuni na mkanda. Zifungie gurudumu moja kwa moja.

Dalili: mota inaunguruma, gurudumu kimya, mkanda mzima

Chora mstari mmoja wa kalamu ya wino mzito kuanzia kwenye shafti mpaka usoni mwa puli. Washa kwa sekunde mbili, zima. Mstari ukikatika, puli inateleza juu ya shafti. Fanya hivyo kwa puli zote mbili na kwa gurudumu.

Mara nyingi ni ile skrubu ndogo ya alenki ubavuni mwa puli. Angalia kama imekaa juu ya ubapa wa shafti au juu ya mviringo. Ikiwa juu ya mviringo, haitashika hata uikaze vipi, na kuikaza kupita kiasi kunakula kichwa chake. Shafti isiyo na ubapa ipigwe tupa upande mmoja, ila kabla ya kupiga tupa izungushie mota mfuko wa plastiki. Chenga za chuma huvutwa na sumaku za mota zikaingia ndani, na mota haiponi. Weka tone moja la gundi ya kufungia nati kwenye skrubu, sehemu ya chuma kwa chuma tu. Gundi hiyo ikigusa akriliki huipasua.

Pima tundu pia. Mota nyingi za gia zenye kipenyo cha milimita 37 zina shafti ya 6, na puli nyingi za GT2 madukani zina tundu la 5 au 8. Mtu hununua ya 8 akaijaza kwa utepe wa gundi. Itashika asubuhi moja.

Puli iliyochapwa kwa printa ya 3D kwa plastiki ya PLA ina ugonjwa wake. PLA huanza kulainika karibu na nyuzi joto 60, na shafti ya mota iliyofanya kazi juani hufika huko bila shida. Tundu hupanuka, skrubu inazama kwenye plastiki. Kwa puli ya upande wa mota tumia ya aluminiamu. Ya upande wa gurudumu inaweza kubaki ya kuchapwa, mradi ifungwe kwa bolti tatu au nne kwenye gurudumu lenyewe na si kwa skrubu moja.

Dalili: mkanda unatembea pembeni na kutoka

Weka rula ya chuma juu ya nyuso za puli zote mbili. Iguse sehemu nne. Ikigusa tatu, puli moja iko nje au shafti hazilingani. Kama puli iko nje, isogeze. Kama shafti hazilingani, mkanda utapanda ukingo hata ukibadilisha puli mara ngapi, kwa hiyo rekebisha matundu ya mota kwanza, kwa kupenyeza washa nyembamba chini ya mguu mmoja.

Jaribu tena roboti ikiwa chini na mzigo juu yake, betri mahali pake. Fremu nyingi zimenyooka mezani na kupinda zikikanyaga ardhi. Hapo dawa ni kipande cha aluminiamu ya pembe kinachounganisha mota na nyumba ya beringi, wala si puli mpya.

Walau puli moja kati ya mbili iwe na kingo pande zote. Wale wanaotumia ukanda wa tyubu ya baiskeli uliokatwa, usio na meno, wafanye kinyume: puli isiwe na kingo bali iwe nene kidogo katikati. Mkanda bapa hukimbilia sehemu iliyoinuka na kukaa hapo.

Dalili: mkanda unakaza na kulegea kila mzunguko

Zungusha gurudumu polepole kwa mkono huku kidole kikiwa juu ya mkanda. Ukihisi unakaza mahali pamoja kila mzunguko, tundu la puli haliko katikati. Sababu ni karibu daima moja: mtu ameitanua puli kwa drili ya mkononi.

Thibitisha kwa kushikilia ncha ya kalamu karibu sana na ukingo wa puli bila kuigusa, uzungushe. Nafasi ikifunguka na kufunga, ndivyo. Wakati mwingine shafti ndiyo imepinda. Iviringishe juu ya kioo cha meza utaona mwanga ukipita chini yake.

Simama hapa. Usijaribu kurekebisha kwa drili tena wala kwa nyundo. Mpelekee fundi mwenye mashine ya lezi (ya kukereza chuma), au ulizia karakana za vyuo vya ufundi vya VETA na za shirika la viwanda vidogo, SIDO. Mwambie unataka tundu lichongwe puli ikiwa imeshikwa kwa nje, na umpe shafti yenyewe ailinganishe, usimpe kipimo kwa mdomo.

Dalili: mota inapata moto, betri inakwisha upesi

Ukiweza kuigusa mota kwa sekunde tano bila kuondoa mkono, bado kuna muda wa kuchunguza. Ukishindwa, zima.

Toa mkanda. Pima mkondo wa umeme wa mota ikiwa tupu kwa mita, kipimo cha ampea kikiwa kwenye tundu la 10 A. Rudisha mkanda, roboti ikiwa imeinuliwa, upime tena. Mkondo ukiongezeka kidogo ni kawaida. Ukizidi mara mbili na hakuna mzigo, mkanda umekazwa mno au beringi zimekwama. Legeza mkanda kwa nusu milimita, upime. Ni kazi ya dakika chache na inaokoa mota.

Mkazo ukiwa sawa, tazama uwiano wa puli. Mota ya mizunguko 200 kwa dakika, puli ya 20 ikivuta ya 60, inalipa gurudumu mizunguko 67. Gurudumu la milimita 120 lina mzunguko wa milimita 377, kwa hiyo roboti inatembea kama mita 25 kwa dakika. Ni mwendo wa polepole kuliko wa mtu anayetembea, na unatosha. Aliyeweka 20 kwa 20 ili roboti ikimbie ndiye anayerudi na mota yenye harufu.

Tazama pia bodi inayoendesha mota. L298N, ile ambayo wanafunzi wengi huanza nayo, inabeba ampea 2 kwa kila upande na hula karibu volti 2 njiani ikizigeuza joto. Mota iliyokwama yenye ukinzani wa omu 1.5 kwenye volti 12 inataka ampea 8. Bodi ikiungua, usilaumu bodi kabla hujaangalia mkanda uliokaza.

Ukiona betri ya lipo (lithiamu polima) imevimba, au ni ya moto baada ya kupumzika, usiendelee, usiichaji, usiitoboe. Iweke nje ya nyumba juu ya saruji au ndani ya ndoo ya mchanga mkavu, mbali na watoto, kisha mwulize fundi wa vifaa vya umeme anayeshughulika na betri za aina hiyo. Moto wake hauzimwi kwa kupulizia.

Dalili: unga mweusi, meno yanalika au yanakatika

Unga kidogo siku za mwanzo si ugonjwa. Unga unaoendelea ni mchanga au puli zisizolingana. Mchanga wa pwani hujaa kwenye mabonde ya puli, jino halizami tena mpaka chini, mkanda unakaza wenyewe. Piga mswaki mkavu kila unapotoka nje, na weka kifuniko cha plastiki upande wa chini.

Mji wetu una adui mwingine: singa za katani. Roboti ikipita palipoanikwa au kufanyiwa kazi ya kamba, singa hujisokota kwenye shafti kati ya puli na beringi, zikajikaza mpaka zinasukuma puli pembeni. Kata kwa kisu kidogo ukiwa umechomoa betri. Usivute.

Mkanda ukilia, usiupake grisi, mafuta ya nazi wala sabuni. Mpira wake huvimba na mchanga hunata. Kilio kwa kawaida ni puli zisizolingana au mkazo uliozidi.

Jino moja likikatika, mkanda umekwisha. Haugundishwi. Hata uliounganishwa kwa kibanio cha chuma unafaa kwa majaribio ya mezani tu. Unapoagiza mwingine, pima umbali kati ya shafti mbili kisha kokotoa urefu: mara mbili ya umbali huo, jumlisha nusu ya mizunguko ya puli zote mbili, jumlisha kidogo kwa tofauti ya ukubwa wao. Kwa puli za 20 na 60 za GT2, nusu ya mizunguko ni (40 + 120) ÷ 2 = milimita 80. Mikanda iliyofungwa tayari huuzwa kwa urefu maalumu, mathalani 200, 280 au 300. Usisake wa 262. Chagua wa 280 na usogeze mota hadi shafti ziwe milimita 99 kati yake. Fremu hutoboka kwa urahisi kuliko mkanda kupatikana.

Dalili: roboti inavuta upande mmoja

Badilishana mikanda ya kushoto na kulia. Tatizo likihama, ni mkanda. Lisipohama, hesabu meno ya puli zote nne, kwani kuchanganya ya 20 na ya 18 hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyokubali. Kisha pima kipenyo cha magurudumu. Baada ya hapo ni mambo ya mota na programu.

Pale mkanda wa meno usipofaa

Kwa roboti nyepesi ya kilo 2 au 3, mkanda wa ngozi wa cherehani ya miguu unatosha. Hauna meno, huteleza gurudumu likikwama, na kuteleza huko kunailinda mota. Fundi cherehani atakukatia kwa kipimo na kukupigia pini. Haufai kwa roboti inayopaswa kujua imetembea umbali gani.

Kwa roboti ya kilo 20 na kwenda juu, tumia cheni ya baiskeli. Tanga ni mji wa baiskeli, vipuri vyake utavipata Ngamiani bila kuagiza. Hatua yake ni milimita 12.7, inavumilia mchanga, na ikikatika unaiunga. Inapiga kelele na inataka mafuta, ni kweli.

Lakini usichukue sproketi ya nyuma ya baiskeli jinsi ilivyo. Ina friwili ndani: ukivuta mbele inashika, ukirudisha inazunguka bure, na roboti yako haitaweza kurudi nyuma wala kugeuka papo hapo. Ulizia sproketi isiyo na friwili, au fundi wa kuchomelea aifunge kwa vidonda vinne vya weldi. Kazi hiyo ifanyike sproketi ikiwa peke yake mezani, si ikiwa kwenye roboti. Umeme wa weldi ukipita kwenye beringi huziharibu, na ukipata njia ya kwenda kwenye bodi hakuna kitakachobaki kizima.